Shaba au Alumini

Kambi ya Uvuvi,
Posta ya Kombewa.
8 Februari 1988

Kwa Shemeji Wahome,

Nakusalimu. Huku mke wangu Perez na watoto wanakula na kulala vizuri. Natumaini dada yangu Anyango ni mzima. Wewe pia uwe mzima, kwa sababu nina kazi ya kukupa.

Sijakuandikia tangu matanga ya mzee wetu, na sababu unaijua. Ulimchukua Anyango siku ya pili, udongo wa kaburi bado mbichi, ukasema karakana yako ya Kibuye haiwezi kukaa bila mtu. Hapa bado wanauliza kama kwenu watu hulia kwa saa ya mkononi. Hayo nayaweka kando.

Yule Mzungu mwenye kambi amerudi kwao. Amenipa kambi niiangalie, pamoja na rili tatu kubwa za zamani, za kuvulia papa baharini. Wageni wanatoka Kisumu na Maseno kila Jumamosi kuvua mbuta hapa ziwani. Rili zenyewe ni nzima, lakini spuli, yaani lile gurudumu la ndani linalokunja uzi, mbili ni za plastiki nyeusi ya kizamani na zote mbili zimepasuka. Wewe una leithi ya kuchongea chuma. Nichongee moja kwanza. Perez hupeleka samaki Otonglo kila Jumanne, atakufikishia iliyovunjika uchukue kipimo.

Nataka alumini. Sitaki shaba.

Ni mimi shemeji yako,
Dishon Ouma

---

Kibuye, Kisumu.
17 Februari 1988

Shemeji Dishon,

Barua imefika ikinuka samaki. Anyango hajambo, anakusalimu wewe na Perez. Mimi nina kikohozi cha vumbi la chuma, hakijaniua.

Kuhusu matanga: kaburi la mzee nilishika jembe nikachimba na hawa ndugu zako, na nilipomaliza hakuna hata mmoja aliyenipa maji ya kunawa. Umesema unayaweka kando. Yaweke mbali zaidi.

Sasa spuli. Hii plastiki ilitengenezwa wakati watu wanavua na uzi wa kitani. Kitani hakivutiki. Nailoni yenu inavutika kama raba. Mbuta mkubwa akivuta, uzi unakunjwa ukiwa umevutika, halafu ukishakaa unataka kurudi kuwa mfupi. Kila mzunguko unabana katikati na kusukuma kuta za spuli kwenda nje, na mizunguko ni mamia. Ndiyo maana ilipasuka. Hakuna uchawi hapo.

Shaba itavumilia. Ninayo, nzuri kabisa. Alumini inayopatikana hapa Kibuye ni pistoni na sufuria zilizoyeyushwa, na siwezi kuiamini na samaki wa kilo sabini. Nitachonga shaba.

Shemeji yako,
S. Wahome

---

Kombewa,
2 Machi 1988

Shemeji,

Salamu. Sisi wazima. Pole na kikohozi.

Nimekuambia sitaki shaba na wewe unaniambia utachonga shaba. Je, mimi ni mteja au ni mtoto wako? Rili ya tatu ina spuli ya shaba, kwa hivyo usinifundishe. Ni nzito kama jiwe la kusagia. Samaki akikimbia, spuli inasita kwanza na uzi unakatika. Ikishaanza kuzunguka haitaki kusimama, uzi unafumuka na kujifunga. Mwalimu mmoja wa Maseno alikaa saa nzima ndani ya mtumbwi akifungua mafundo, na hajarudi tena. Alumini ni nyepesi. Inaanza upesi, inasimama upesi.

Najua utasema inaliwa na chumvi. Chumvi iko Mombasa. Haya maji ya ziwa tunapikia ugali.

Ili usiwe na la kusema, natuma kipande. Nilipewa na fundi mmoja wa uwanja wa ndege. Ni alumini ya ndege, imara, haijawahi kuyeyushwa kwenye jiko la mtu. Perez amekibeba kichwani kutoka hapa. Chonga hicho, usichonge kingine.

Shemeji yako,
Dishon

---

Kibuye,
29 Machi 1988

Dishon,

Habari za huko. Sisi tupo.

Spuli hii hapa. Umetaka alumini, umepata alumini. Nimeipaka rangi nyeusi ifanane na ile ya kwanza. Kila mkishavua samaki mkubwa, fungueni uzi wote mara moja, muukunje upya bila kuukaza. Msikie hilo.

Kama hakuna msiba, usiniandikie.

Shemeji yako,
S. Wahome

---

Kombewa,
6 Juni 1988

Wahome,

Barua hii anaandika Perez, mimi nasema tu. Sikuulizi habari.

Jumamosi ya tarehe 28 Mei nilikuwa na wageni wawili kwenye mtumbwi. Mbuta alishika, mgeni akachoka, akanipa rili. Nilimvuta nusu saa. Nilipomwona anageuza tumbo majini, spuli ililipuka. Ililia kama bunduki. Ukuta wa upande wa kulia uliruka na kupita kwenye mkono wangu. Kidole cha pili na cha tatu vilianguka ndani ya mtumbwi, kati ya miguu ya mgeni. Yule mgeni alianza kuomba Mungu kwa Kiingereza. Samaki akaenda na uzi wote. Nimelala hospitali siku tisa sasa, na bado nipo.

Perez ananiambia nipunguze matusi, karatasi ni moja. Basi nasema hili tu. Nimeomba waniletee vipande vya ile spuli, nikavitazama palipovunjika. Ndani kuna vishimo vishimo kama mkate. Kipande nilichokutumia hakikuwa na tundu hata moja. Nilikikata kona kwa msumeno kabla hakijaondoka hapa, nikakiona ndani.

Kipande changu kiko wapi?

Dishon, shemeji yako mwenye vidole vitatu

---

Kibuye,
14 Juni 1988

Shemeji Dishon,

Pole sana. Tumesikia kwa uchungu. Anyango amelia siku mbili na hapiki.

Lakini kabla hujaniita muuaji, jibu swali moja. Niliandika mfungue uzi kila mkivua. Ulifungua? Nailoni ikikaa imekazwa siku nyingi inaweza kuvunja chuma chochote. Nilitaka shaba, ukakataa. Ukaniambia nisikufundishe. Sasa unatafuta vishimo. Mtu mwenye hasira huona vishimo hata kwenye kioo.

Upone haraka.

Shemeji yako,
S. Wahome

---

Kombewa,
3 Julai 1988

Wahome,

Perez ndiye anayeandika tena.

Utakuwa umeona nyumba yako iko kimya. Anyango alifika hapa Alhamisi na kikapu kimoja. Hakusalimia mtu, aliuchukua mkono wangu akafungua bendeji mwenyewe, akatazama. Kisha akasema, "Ndugu yangu, kipande chako kilichongwa puli, gurudumu la mkanda wa mashine. Iko kwenye posho mill ya Wakhisi, inasaga unga mpaka leo. Spuli yako nilimwona akiimimina kwa sufuria kuukuu alizoyeyusha. Nilimwambia asifanye hivyo, akaniambia nirudi jikoni."

Nikamuuliza kwa nini hakuniambia mapema. Alisema, "Yeye ni mume wangu. Nilifikiri itavunjika tu, mtagombana kama kawaida."

Haya. Swali lako nalijibu. Sikufungua uzi. Tulivua mbuta mkubwa Jumatano, nikauacha umekazwa mpaka Jumamosi, kwa sababu nilichoka na kwa sababu ni wewe uliyesema niufungue. Hilo ni langu na nimelisema mbele ya mke wangu na dada yangu.

Sasa sema lako.

Dishon

---

Kibuye,
19 Oktoba 1988

Shemeji Dishon,

Sijui nikusalimu namna gani. Naomba mkono uwe umepona. Naomba Anyango awe mzima.

Barua hii nimeianza mara nyingi tangu Julai. Ni kweli. Wakhisi alikuwa amesimama mlangoni kwangu, mashine yake imekufa, ana wanawake na mahindi yao wanamngoja. Sikuwa na chuma kingine kizuri cha kutosha puli yake. Nikasema nitachukua kipande cha Dishon, nitamtafutia kingine. Sikutafuta.

Hiyo ndiyo sababu ninayowaambia watu. Kuna nyingine. Nilipokuwa namimina ile alumini nilifurahi. Nilisema moyoni, wacha ivunjike mbele ya wageni wake wakubwa, wamcheke, ajue nani ni fundi. Vidole sikuviona. Nakuapia kwa Mungu, sikuviona. Niliona uzi ukikatika na wewe ukiaibika.

Juni nilikuja mpaka hospitali ya Kombewa. Nilifika mlango wa wodi, nikakuona umelala na mkono umeinuliwa juu. Nikageuka. Nilipofika nyumbani ndipo nikakuandikia ile barua ya vishimo.

Mwambie Anyango arudi. Karakana nimeifunga wiki mbili, siwezi kusikia leithi ikizunguka.

Shemeji yako,
Simeon

---

Kombewa,
1 Novemba 1988

Wahome,

Sisi wazima. Hii naandika mwenyewe, kwa mkono wa kushoto, kwa hivyo vumilia herufi. Imenichukua tangu asubuhi.

Barua yako nimeisoma mara tatu. Anyango ameisoma mara moja, akairudisha kwenye bahasha, akaenda kuanika omena. Alikaa huko mpaka mchana. Alipoingia nilimuuliza nikujibu nini. Alisema, "Mwambie nitamsikiliza. Kurudi ni habari nyingine."

Mimi sijakusamehe. Kuna asubuhi naamka nataka kushika kikombe, vidole viwili haviitiki, nami nakutukana kabla sijasali. Ile habari ya kufurahi ndiyo imeniuma kuliko mkono. Lakini ungeificha, barua yako ningeitia motoni.

Mke haitwi kwa posta. Ukimtaka, njoo Jumamosi, njoo mchana, uingie kwa lango kama mtu. Ndugu zangu watakuwa wamekaa. Utasema mbele yao yote uliyoniandikia, na lile la kufurahi usiliruke. Kisha nitasema langu la uzi. Kisha Anyango atasema lake, na hakuna mtu atakayemkatiza, wewe wala mimi.

Chakula kitakuwepo. Mkono sitakupa.

Shemeji yako, mpaka Anyango aseme vingine,
Dishon Ouma