Jua la Zombe Limetuangusha

Zombe, Kitui
19 Julai 2024

Mpendwa Mjomba Nzau,

Bwana asifiwe! Natumai mko salama huko Kibwezi, wewe na Auntie Ndunge, na kwamba goti lako halikusumbui sana na baridi hii. Nyanya zimeanza kuiva? Sisi tupo, lakini si vizuri.

Barua hii atakuletea Mutie wa lori, kwa sababu simu zetu zote zimezimika. Transfoma ya hapa sokoni iliungua, na tangu wiki jana hatujaona stima. Mashine ya oksijeni ya Mama sasa inategemea ile sola yetu, na hakuna anayethubutu kuchomeka simu kwenye betri hiyo.

Haya Mjomba, tucheke tu, ni haki yako. Ulituambia tununue jenereta, tukakuona umezeeka. Mtu wa Zombe ahangaikie petroli na jua linamchoma utosi bure? Tulisahau Julai. Ukungu umetufunika tangu Jumapili, paneli ziko juu ya bati zimelowa tu, na betri haitufikishi asubuhi. Asiyesikia la mkuu... malizia mwenyewe.

Kinachoniuma zaidi ni kwamba watu wanafurahi. Manyunyu yameokoa mbaazi. Jana wamama wa kanisa walikuja kumwombea Mama, wakaanza kwa kumshukuru Mungu kwa hayo mawingu. Mama naye akaitika amina kwa ile pumzi yake kidogo. Mimi nilikasirika, Mjomba, hata sijui nilimkasirikia nani.

Tafadhali utuazime jenereta yako ya kumwagilia. Najua bila hiyo nyanya zitateseka, na naona aibu kuomba. Tutaiweka mbali, nyuma ya ghala, moshi usimfikie, maana kifua chake kiliharibiwa na moshi wa kuni, unajua. Mutie amekubali kuibeba akirudi Jumatatu. Mama hajui nimekuandikia, angenikataza.

Nisalimie Auntie, Kalunde na watoto wake. Mungu awafunike nyote.

Lakini usichelewe, Mjomba. Giza likiingia, Mama mwenyewe hunyoosha mkono akaizima mashine. Nikimwambia aiache, anasema, "Wacha ipumzike, mwanangu, nitaihitaji alfajiri." Kisha anakaa wima kitandani, mdomo wazi, akingoja kupambazuke.

Mpwa wako akupendaye,
Muthoki