Mafuta ya kukandia

Ndugu yangu, yule Mrefu wa kazini kwetu amekutwa na virusi vya ukimwi, na aliyemfundisha kutumia mafuta ni mimi.

Tumetoka kliniki sasa hivi. Unaijua kazi yetu pale masaji, mwanamume akitaka zaidi ya kukandwa, tunampa. Kondomu hatujawahi kuacha hata siku moja, ndiyo maana tulikwenda kifua mbele.

Muuguzi akauliza tunalainisha na nini. Mimi kimbelembele nikajibu, "Mafuta haya haya ya kukandia, dada. Yanateleza vizuri."

Akaweka kalamu chini. "Baba, mafuta yanakula mpira. Unapasuka na wewe huna habari. Kondomu inataka kilainishi cha maji."

Yanakula mpira. Na mimi miaka yote hii najiita fundi.

Kinachoniua ni kwamba Mrefu alipoanza kazi alikuja na chupa yake ya kilainishi cha maji. Nilimcheka mbele ya wenzetu. Nikamwambia, "Hicho kimaji cha nini, bwana harusi? Paka mafuta kama wanaume wenzako." Akaitupa.

Tulipofika nje nilitaka kumwomba radhi, nikawa nakunjakunja karatasi ya kliniki. Yeye ndiye aliyesema, "Twende kaka, jua kali." Bado ananiita kaka.

Mimi wamenikuta na kisonono. Nimechomwa sindano moja, na virusi havijaonekana, ila kipimo nitarudia. Yeye ni vidonge kila siku ya maisha yake, na jioni hii anakwenda kumwambia mkewe.