Nilimnyima Fundi Baiskeli Maneno Yake

Jumapili, jioni. Mvua imetupiga tangu tunatoka kanisani, ikakatika mchana, na sasa jua limetoka na mawe ya nyuma ya nyumba yanafuka mvuke. Mtaa wetu wa Kiseke mzima unanukia udongo. Moyo wangu sijui niuelezeje. Sina furaha, sina huzuni, nimechoka tu, uchovu wa mtu aliyeshinda na maneno mdomoni bila kuyasema.

Ugonjwa wangu unajulikana humu: anime, katuni za Kijapani, zile za mapenzi. Zile za mapanga na majitu simo. Mimi nipe watu wawili wanaopendana na hakuna anayesema. Episodi kumi na mbili, hata mikono hawajashikana! Mama akipita sebuleni akatukuta mimi na dada yangu tunafuta machozi huwa anasimama na ndoo yake, anatikisa kichwa. "Watu wazima mnalilia katuni," anasema. "Na vyombo vyangu je?"

Lakini mapenzi yangu si ya upofu, malalamiko ninayo. La kwanza, wazazi wako wapi? Mtoto wa sekondari anaishi peke yake kwenye chumba kisafi, kodi analipa nani? Mtu anaachwa, anapendwa, anaugua, na hakuna baba mkubwa wala shangazi hata mmoja anayekuja kuuliza kulikoni. La pili, zile fataki. Kijana anajikaza msimu mzima, siku anayofungua mdomo kusema neno lenyewe, fataki zinalipuka paa! Binti anauliza, umesemaje? Kijana anajibu, hamna kitu. Haki ya Mungu siku moja nitaipasua hii kompyuta. La tatu, ukiona mtu anakohoa kwenye episodi ya pili, ujue hafiki mwisho. Usimzoee.

Ninachokipenda ni kimoja tu, nacho ni kikubwa. Wanajua kunyamaza. Muziki unakatika, unaonyeshwa birika linachemka, pazia linapepea, watu wawili wamekaa na hakuna anayeharakisha. Kwetu kimya kikizidi kidogo lazima mtu adakie, "Enhee, na habari za huko?"

Mimi ndiye wa kwanza kudakia. Ndiyo habari ya leo.

Dada yangu Milembe alirudi nyumbani kabla mvua hizi hazijaanza. Alishuka kwenye kivuko kutoka Ukerewe na begi moja, akapanda mpaka huku, akamsalimia Mama, akaingia chumbani kwangu akalala. Shemeji Mafuru hakumpiga. Hana mwanamke wa nje. Ni mfanyabiashara wa dagaa, mtu wa kazi, nyumbani kwake chakula hakikosekani. Kilichotokea ni kwamba mimba ya dada ilitoka ikiwa imeshakuwa kubwa. Shemeji alimpeleka hospitali, akamrudisha, akamkoroga uji, na asubuhi yake akaenda kambi ya wavuvi visiwani. Aliporudi alileta godoro jipya. Kuhusu mtoto hakusema neno. Si siku ile, si wiki iliyofuata, wala baada ya hapo. Dada akangoja mpaka akachoka kungoja.

Ukoo wote ukawa na swali moja. Hakupigi, hakunyimi chakula, sasa shida nini? Dada alikaa kwenye mkeka anachambua mchele.

Sikujua nimsaidieje, kwa hiyo nikamfungulia anime. Ndicho nilichokuwa nacho. Maandishi ya chini ni ya Kiingereza na yanapita mbio, kwa hiyo kazi ya kusoma na kutafsiri ikawa yangu. Kila nikitoka kazini, steshenari ya pale Mirongo ninakotoa fotokopi mchana kutwa, nilikuwa nawahi nyumbani kama mtu anayesubiriwa. Na kweli nilikuwa nasubiriwa. Dada ameshachemsha chai, michembe ya viazi vikavu iko kwenye sahani, mto umewekwa ukutani kwa ajili ya mgongo wangu. Tukaanza moja ya binti aliyerudi mji wa kwao kando ya bahari baada ya kuumizwa, na kijana fundi baiskeli asiyejua kuongea. Siku ile binti anaondoka kwenda mjini, miaka ya nyuma, fundi huyu aliahidi kuja stesheni kumuaga na hakutokea. Binti hajamsamehe.

Sasa kosa langu. Kila fundi baiskeli akifungua mdomo, mimi namwona Mafuru. Kwa hiyo nikaanza kumpunguzia. Akisema kitu kizuri, nasoma nusu. Binti akisema kidogo, namwongezea. Binti amesema "sijui," mimi natafsiri, "Mwanamke hawezi kuishi na jiwe, bora arudi kwao akae kwa amani." Dada anaitikia kwa kichwa polepole, mimi roho kwatu. Nilijiambia namtetea. Ukweli ni kwamba nyumba hii imekuwa nzuri tangu aje, na sikutaka aondoke.

Jana tukafika episodi ya tisa. Fundi anakuja mpaka mlangoni kwa binti, amelowa chapachapa. Anasimama. Anainama, kiuno chote, kichwa kinakaribia magoti, na maji yanachuruzika kwenye nywele. Anasema maneno. Mimi nikasoma, "Anasema, nilichelewa siku ile, basi."

Dada akasimamisha picha.

"Rudisha nyuma," akasema. Nikarudisha. Akaangalia tena, akaniangalia mimi. "Mdogo wangu, mtu hapindi mgongo hivyo kwa kusema nilichelewa basi. Amesemaje?"

Nikaona aibu mpaka masikioni. Nikamsomea kilichoandikwa: Naomba unisamehe. Niliogopa kukuona ukiondoka, nikajificha.

Hakugomba. Afadhali angegomba. Aliuliza tu, "Na yule binti, yale mahubiri yote ni ya kwake au ni ya kwako?" Nikasema ni ya kwangu. Akacheka kidogo. "Nilijua. Mdomo wake ulikuwa unafunguka mara moja, wewe unahubiri kama mwinjilisti."

Ningeweza kuishia hapo. Kicheko kimeshapatikana, tungeendelea na episodi ya kumi. Lakini kulikuwa na lingine, na lile ndilo lililokuwa linanikaba. Katikati ya wiki shemeji alinipigia simu kazini. Dada amezima simu yake, kwa hiyo alipitia kwangu. Alikaa kimya muda mrefu, nikadhani mtandao umekata, halafu akasema, "Shemeji, mwambie dada yako nimekosa. Siku ile sikujua niseme nini." Nikamwambia sawa. Nikarudi nyumbani nikamwambia dada, "Mafuru kapiga, anakusalimia."

Anakusalimia! Mtu kajikaza mpaka katoa neno, mimi nimekuwa fataki.

Nikamwambia yote jana hiyo hiyo, huku picha ya yule kijana aliyeinama ikiwa imeganda mbele yetu. Dada akainuka akakusanya vikombe, akaviosha, akavifuta, akavipanga, akarudi akakaa. Nilikuwa nalia, yeye macho makavu.

"Kesho kwenye kikao," akasema, "usinisemee. Wala yeye usimsemee."

Kikao chenyewe, cha wazee wa pande mbili kuisuluhisha ndoa yao, kilikuwa leo. Baba mkubwa alikaa kwenye kiti cha kona, Baba pembeni yake, Mama mlangoni kwa kuwa jikoni kuna sufuria. Mafuru alikuja na baba yake mdogo, wamelowa miguu, viatu wameviacha nje. Shikamoo zikapita, chai ikapita. Mafuru amekonda. Nilitaka nisimwonee huruma nikashindwa, maana kola ya shati lake ilikuwa imekunjamana upande mmoja kama ya mtu asiye na wa kumwambia.

Baba mdogo wake akakohoa akaanza. "Wazee wangu, kijana wetu amekosa, na amenituma niseme kwamba amekosa. Amekuja kumchukua mke wake, na sisi tunaomba..."

"Shikamoo baba," dada akasema. Sauti ndogo, lakini watu wote walisikia. "Samahani nakukatisha. Naomba aseme mwenyewe."

Baba mkubwa akakunja uso. "Milembe, wakubwa wanaongea."

"Mwacheni aseme," Mama akasema kutoka mlangoni, mwiko mkononi. Mama huwa hasemi kwenye vikao. Baba mkubwa akaegemea kiti.

Kikaja kimya ambacho sijawahi kukiona nyumbani kwetu. Mvua juu ya bati, basi. Mafuru anaangalia vidole vya miguu yake. Mimi maneno yalikuwa hapa kooni, yale ya kwenye simu, neno kwa neno, ningeweza kumsaidia kwa sentensi mbili tu na kila mtu apumue. Niliuma ulimi. Namaanisha niliuma kweli.

Halafu akasema, bila kuinua kichwa. "Yule mtoto nilishaanza kumwita jina. Kule ziwani, nikiwa peke yangu. Ndiyo maana nilishindwa kukaa mle ndani na wewe. Ningekwambia nini?"

Dada akamuuliza, "Ulimwita nani?"

Akamwambia. Jina silitaji hapa, si langu.

Dada akalia. Tangu ashuke kwenye kivuko sikuwahi kumwona akilia kwa ajili ya kitu chake, machozi yote yalikuwa ya watu wa kwenye anime. Mafuru akainuka, akasimama katikati ya sebule asijue aende wapi, akakaa tena, safari hii kwenye mkeka, karibu naye kidogo. Hakumshika. Baba akageuka kuangalia dirishani.

Dada alipojifuta akasema, "Sirudi leo. Jumapili ijayo uje mwenyewe, usije na baba mdogo. Uje ukae, tule, tuzungumze. Na Jumapili nyingine hivyo hivyo. Nikiwa tayari nitakwambia."

"Sasa hii ni ndoa au ni uchumba?" Baba mkubwa akauliza, kaudhika kabisa.

Mafuru akasema, "Nitakuja." Neno moja. Lilitosha.

Wameshaondoka. Dada yuko jikoni anamsaidia Mama, na nimemsikia anaimba wimbo wa kanisani kwa chini chini. Nadhani ipo siku atachukua lile begi. Pengine kabla mvua hizi hazijaisha. Nitarudi kutoka Mirongo nikute chai haijachemshwa na mto hauko ukutani, na nitatamani nimchukie Mafuru na sitaweza. Nampenda dada yangu. Je, ninampenda kiasi cha kumwacha aondoke kwa hiari yake? Leo jioni najibu ndiyo. Niulizeni tena akiwa kwenye kivuko.

Ameniita sasa hivi. Anataka tumalizie episodi zilizobaki, na kanipa sharti: nisome kilichoandikwa, nisipunguze, nisitie chumvi.

Shida ni kwamba ya mwisho nimeshaichungulia. Binti anapanda treni. Safari hii fundi baiskeli amekuja, amesimama stesheni na mikono yake michafu ya grisi. Treni inaanza kuondoka, yeye anatembea sambamba na dirisha, anasema kitu. Mdomo unaonekana kabisa. Sauti imemezwa na treni, na chini hakuna maandishi yoyote. Binti anamwangalia, anatabasamu, picha inaisha. Kama atarudi au hatarudi, hatuambiwi.

Najua dada atanigeukia pale pale aniulize, amesemaje?

Nitamwambia, sijui. Halafu ninyamaze, nimwache aangalie.