Kasia la Lusiola

Kwanza, Kitale
14 Machi 2004

Kwa Baba mpendwa,

Mulembe. Natumaini hujambo, wewe na Mama na yule ng'ombe wetu mkorofi. Mimi ni mzima, ila mabega yananiuma, na sababu yake ndiyo inayonifanya niandike.

Bwana Hiram, mwenye shamba hili ninalokamua ng'ombe, alikuwa baharia miaka mingi. Aliporudi nyumbani alileta kayaki nne za baharini, vile vimashua vyembamba vya mtu mmoja, na jioni anatufundisha kwenye bwawa la shamba. Usicheke! Ati mimi ndiye mwenye mbio kuliko wasichana wote. Desemba anatupeleka Mombasa kushindana baharini. Shida ni makasia. Ya dukani ni matatu, nasi tuko wanne. Nikamwambia baba yangu ni fundi kule Sirisia na hakuna mti unaomshinda. Kasia lenyewe lina mabapa mawili, moja kila mwisho wa mpini, na urefu wake ni kama mtu akiinua mkono juu. Tafadhali nitengenezee.

Ni mimi binti yako,
Nakhumicha


Sirisia
28 Machi 2004

Kwa Mayi wangu,

Mulembe, mulembe. Sisi ni wazima na mahindi yameanza kuota. Ng'ombe wako juzi alimpiga teke daktari. Wewe nilikupa jina la mama yangu, ndiyo maana nakuita Mayi, na mama akiagiza mtoto hana la kusema ila kutii.

Kasia nimelituma na huyu anayeleta barua. Nilichagua mti mgumu wa mlimani, ule wa mipini ya mashoka, lisije likakuvunjikia majini. Mama yako anasema nimechonga mwiko wa kupikia matangani. Aseme tu. Mimi bahari sijawahi kuiona, sijui maji yake yana nguvu gani. Lilinganishe na hayo ya dukani, kisha uniambie ukweli. Usinisifu bure, mgema akisifiwa tembo hulitia maji.

Ni mimi baba yako,
Mukhisa


Kwanza, Kitale
11 Aprili 2004

Kwa Baba,

Mulembe. Habari ya nyumbani? Mimi sijambo na kasia nimelipokea.

Nimeyajaribu yote. Yale mawili ya plastiki yana mipini ya aluminiamu, jioni huwa baridi kama barafu, na ukivuta kwa nguvu bapa linapinda. La faiba ni jepesi, linakimbia, ila limeshikwa na mwenzetu Roselyne na haachii. Lako linaingia majini kimya kabisa, halirushi maji, na mashua inakwenda moja kwa moja kama imechorewa mstari. Lakini Baba, ni zito! Nikizunguka bwawa mara ya pili nahisi nimebeba gogo. Bwana Hiram alipoliona alisema, "Si huu ni mwiko, bana!" Kisha akapitisha kiganja juu ya mbao toka mwisho hadi mwisho. Akaniambia, "Huyo mzee ana mkono."

Nitengenezee lingine vile vile, lakini la lusiola, maana ni mti mwepesi. Nikipata hilo, Mombasa nafika.

Binti yako,
Nakhumicha


Sirisia
25 Julai 2004

Mayi,

Mulembe. Tuko salama. Nimekawia, kazi zilikuwa nyingi. Kasia la lusiola ndilo hili. Lijaribu.

Baba yako


Kwanza, Kitale
8 Agosti 2004

Kwa Baba,

Mulembe. Mimi ni mzima, ila nimekasirika na sitaficha.

Nimengoja tangu Aprili. Kasia ni jepesi, hapo sina neno, lakini linavuta mashua kushoto. Nikaligeuza, likavuta kulia, kwa hiyo kosa si mkono wangu. Bapa moja ni nene kuliko lenzake na linatetemeka majini. La plastiki ambalo nililisema vibaya sasa linalishinda. Wenzangu wamenicheka.

Hata barua yako maandishi yanapepesuka. Najua pombe ya kwa jirani iko karibu na karakana. Kama umeanza kulewa, niambie, nisiendelee kumwambia Bwana Hiram kwamba nina baba fundi.

Nakhumicha


Sirisia
19 Septemba 2004

Kwa Mayi wangu,

Mulembe. Natumaini mabega yamepona. Mama yako anakusalimu sana.

Sijalewa, Mayi. Mwezi wa Mei nilianguka karakanani, na nilipoamka mkono wa kulia haukuamka nami. Hospitali walisema ni kiharusi. Mguu umerudi, mkono bado. Maandishi haya ni ya mkono wa kushoto. Nilimkataza mama yako kukuambia, kwa kuwa nakujua wewe, ungeacha kila kitu na kurudi. Maneno yako yaliniuma, lakini kasia ulilihukumu sawa.

Sasa sikiliza. Shule ya msingi hapa inataka vitanda vya ghorofa vya bweni, na mwalimu mkuu anangoja jibu langu. Natamani kazi hiyo kuliko chakula. Lakini kitanda kibaya kitamwangusha mtoto wa mtu usingizini. Mimi kwa macho yangu naona kazi yangu ni nzuri, na macho ya mwenye kazi hayaaminiki. Kwa hiyo nimechonga kasia lingine la lusiola, polepole, mbao nikiibana kwa magoti. Liweke majini. Likienda sawa, nachukua vitanda. Lisipoenda, niambie kama mnunuzi, si kama mtoto wangu.

Baba yako,
Mukhisa


Kwanza, Kitale
10 Oktoba 2004

Kwa Baba yangu mpendwa,

Mulembe. Sijui nianzie wapi. Nisamehe kwa lile neno la pombe. Nimelia mpaka Bwana Hiram akanipa siku ya kupumzika.

Kasia nimelijaribu wiki nzima, kukiwa na upepo na kukiwa shwari. Nikampa Roselyne alijaribu bila kumwambia ni la nani. Nilikuandikia barua ya kwanza nikisema limeyashinda yote. Nikaifunga, nikaibandika stempu. Kisha nikamfikiria yule mtoto atakayelala kitanda cha juu, nikaichana.

Baba, linavuta kushoto. Ni zuri kuliko lile la pili, nimeona jinsi ulivyolipiga msasa, lakini linavuta, na Roselyne alisema hivyo hivyo. Usivichukue vile vitanda.

Mombasa Roselyne haendi tena, anaolewa, kwa hiyo nimepewa la faiba. Ningependa kwenda na lako. Sitakwenda nalo.

Mimi mtoto wako,
Nakhumicha


Sirisia
24 Oktoba 2004

Kwa Mayi wangu,

Mulembe. Sisi hatujambo. Mvua inanyesha vizuri.

Barua yako niliisoma mara moja ikatosha. Mwalimu mkuu nimemwelekeza kwa Absalom, yule fundi wa sokoni. Absalom akaja na mkokoteni, nikampa misumeno, patasi na jiliwa. Randa aliyoniachia baba yangu nilimpa mwisho. Alitaka kunishukuru, nikamwambia aondoke mvua isije ikamkuta njiani.

Usijilaumu. Nilitaka mtu wa kuniambia, na wengine wote hapa wananionea huruma. Nenda baharini na hilo la faiba, na ukirudi uje unieleze yale maji yakoje. Lakini sitakudanganya wewe uliyekataa kunidanganya: nimeumia, Mayi. Nimeumia sana.

Jumatatu niliamka alfajiri kama siku zote, nikavaa nguo za kazi, nikafungua mlango. Mama yako akaniuliza naenda wapi. Nikarudi ndani, nikavua nguo za kazi.

Baba yako