Tikiti za Morisi

Baba Marion,

Omena iko kwenye sufuria iliyofunikwa. Ugali songa mwenyewe. Funga kuku mapema, nguchiro ameshazoea boma letu. Marion anafunga shule leo Asumbi, kwa hivyo mpokee stendi ya Homa Bay. Usimsahau tena kama muhula uliopita.

Asubuhi nilikuwa nakuletea chai nikakusikia ukimwambia mwenzako Nicanor kwenye simu, "Twende wote kisiwa cha Morisi, uchukue nafasi ya mama watoto. Mwanamke atanichelewesha uwanjani." Nikarudi jikoni na ile chai, nikainywa mimi. Likizo hii ya gofu tumeipanga pamoja tangu Krismasi. Jumapili nilikushinda mbele ya klabu nzima, na nadhani hapo ndipo palipokuuma.

~~Nendeni nyinyi wawili. Mimi nitaenda kwa mama, kisiwani Mfangano.~~

Hapana. Nimeenda Kisumu kwa ajenti wa ndege kuhakikisha tikiti yangu inabaki kwa jina langu. Ukitaka kumpa Nicanor yako, nipigie huko kabla hawajafunga ofisi. Mimi nitacheza na yeyote atakayekuja.

Mama Marion