Niliungama Katikati ya Kelele

Mama mshauri mpendwa, shikamoo. Nimekwama, naomba unisaidie, na naomba usinitaje jina, niite tu Shemasi wa Wando. Majina ya wenzangu nimeyabadilisha kwa sababu kisiwa chetu ni kidogo na kipindi chako cha redio kinasikilizwa mpaka kwenye vibanda vya kupangia mwani. Mimi ni mwanamume wa miaka hamsini na nne, shule niliishia sekondari ya chini nikaenda baharini na baba, kwa hiyo utanivumilia nikiruka ruka.

Miaka mitatu iliyopita kimbunga kilibeba kamba zangu zote za kulimia mwani, zote mama, hakikuacha hata boya moja, na mwaka huo huo mgongo wa mke wangu ukakataa kuinama, basi nikaenda kuomba kazi kwenye kiwanda cha kukausha mwani cha Mzee Noh, ambaye ni mzee wa kanisa letu, yeye anakaa benchi la mbele na mimi nyuma yake. Nilijiambia haya ni majaribu, Mungu ananipitisha motoni anisafishe, na hilo neno ndilo lililokuwa linaniamsha kila asubuhi, sikuwa na kingine.

Sasa mwaka huu, mwezi wa kwanza, mwani ulikuja mwingi sana, na mwani ukitoka majini lazima uoshwe, ukatwe, ukaushwe siku hiyo hiyo la sivyo unabadilika rangi na hakuna anayeutaka. Mashine ya kukata ilikuwa inaziba, na ikiziba unatakiwa uizime, ufungue mfuniko wa kinga, utoe lile donge, ufunge tena, ndiyo uwashe. Mzee Noh akaja akasimama pale akasema, "Shemasi, unakata mwani au unaibembeleza mashine?" Nikamwambia ni huu mfuniko, unatuchelewesha. Akasema, "Si uutoe! Watu tunaomba kila alfajiri, halafu tulindwe na bati?" Watu wakacheka, na mimi nikacheka, nikachukua spana nikaufungua mfuniko nikausimamisha nyuma ya mapipa.

Siku ya tatu Agapito akaumia. Agapito ametoka Timor, ana miaka thelathini na minane, ana watoto wawili kwao, ni Mkatoliki, kila akitaka kuwasha mashine anafanya ishara ya msalaba na sisi tunamtania, "Haya, umeshamsalimia Bosi wa juu, msalimie na wa chini." Siku hiyo alisalimia kama kawaida, mashine ikaziba, akaingiza mkono kutoa donge kama tulivyokuwa tunafanya wote, na vidole vitatu vya mkono wa kulia vikaenda. Mimi ndiye niliyeizima mashine. Sitaandika zaidi hapo.

Kesho yake Mzee Noh akaniita ofisini, akanipa kahawa kwa mikono miwili, heshima ya mdogo kwa mkubwa, na yeye ndiye mkubwa kwangu, nikajua kuna jambo. Karatasi ilikuwa tayari imeandikwa kwamba mfanyakazi aliyeumia aliondoa kinga mwenyewe bila kuambiwa na mtu, ili amalize kazi mapema. Akaniambia, "Shemasi, Shetani anataka kukifunga kiwanda hiki. Familia kumi na sita za kanisa zinakula hapa. Wewe uko upande gani?" Mama, mimi nilisikia neno Shetani nikamtafuta kila mahali isipokuwa kwenye ile meza. Nikatoa muhuri wangu wa jina mfukoni nikabonyeza mahali pa sahihi.

Wiki iliyofuata nikafanywa msimamizi wa zamu. Na hapa ndipo naona aibu kuliko pote, kwa sababu Jumapili Mchungaji aliniita mbele nitoe ushuhuda, nikasimama nikasema Bwana alininyang'anya kamba zangu baharini ili aniinue nchi kavu, kanisa zima likaitikia amina, kina mama wakalia, na Mzee Noh ndiye aliyeitikia kwa sauti kubwa kuliko wote.

Usidhani sikutubu. Nilitubu kila siku. Unajua ibada yetu ya alfajiri ilivyo, saa kumi na moja tunapiga magoti, Mchungaji anasema tuombe, na watu wote wanapaza sauti kwa pamoja, huyu analilia mwanawe, huyu ugonjwa, kanisa linanguruma mpaka vioo vinatetemeka na hakuna anayemsikia wa pembeni yake. Humo ndimo nilipokuwa naungama, kwa sauti kabisa, kwa maneno kamili, siku arobaini na kitu. Nikawa natoka nje nikiwa mwepesi, na nikifika kiwandani uzito unanisubiri mlangoni.

Juzi Jumatatu Mchungaji akapiga kengele ya kunyamaza na mimi sikuisikia. Watu wote wamenyamaza, mimi naendelea, "Ule mfuniko niliutoa mimi, Bwana, ni mimi." Wengi nadhani hawakuelewa, pale kila mtu ana mafumbo yake na Mungu. Ila mke wangu alikuwa pembeni yangu. Njiani akaniuliza, "Baba Sol-bi, mfuniko gani?"

"Mfuniko gani nini?"

"Usinijibu kama mlevi. Nimekusikia kwa masikio yangu."

Nikamweleza. Akasimama barabarani kwenye baridi ile. Nikamwambia lakini nimeshatubu, Mungu ameshanisikia.

"Mungu alikuwepo kiwandani," akasema, "hakuhitaji kuambiwa. Ambaye hajaambiwa ni Agapito." Akaenda zake mbele, na mgongo wake ule, sikuweza kumfikia.

Basi nikanunua boksi la juisi nikaenda hospitali. Agapito aliponiona akashuka kitandani akaniinamia, mimi, mama, aliniinamia mimi, akasema, "Kaka, samahani. Nimewaletea matatizo. Mzee amesema mfuniko nilitoa mimi. Mimi sikumbuki. Labda nilitoa, nilikuwa nimechoka." Nilifungua mdomo nikamuuliza chakula kikoje. Akasema supu ni maji matupu, kabichi ya kimchi ni nzuri. Halafu akaniambia, "Namuuliza Mungu, huu mkono kwa nini? Bado hajajibu. Lakini jana nimefunga kifungo cha shati kwa mkono wa kushoto. Kimoja." Akacheka. "Nilitumia dakika kumi. Leo nataka viwili."

Niliacha juisi nikaondoka.

Wakaguzi wa kazi wananiita ofisini kwao Jumatatu hii inayokuja, saa nne na nusu asubuhi, waniulize kama bado nasimama na ile karatasi. Mzee Noh anasema nirudie tu nilivyosema, na Agapito akishaonekana ni mzembe hakuna kiwanda kitakachomchukua tena, atarudi kwao. Kwenye mashine nafasi yake sasa yuko bibi Gong, ana miaka sitini na saba lakini mikono yake ni myepesi kuliko ya yeyote. Naogopa kusema kweli tukakosa kazi wote, na naogopa kunyamaza. Mama, nitajuaje kama haya yote ni majaribu ya kunikomaza au ni adhabu? Na kama Mungu ameshanisamehe, mbona moyo unaniwaka?

Mimi mwenye aibu,
Shemasi wa Wando

MAMA MSHAURI ANAJIBU

Shemasi, barua yako nimeisoma mara tatu, na mara ya tatu nilikuwa natafuta sentensi moja tu, ile unayosema mfuniko umerudishwa. Haipo. Umeniandikia kanisa, kengele, machozi ya kina mama, na bibi wa miaka sitini na saba anaingiza mikono kwenye mashine iliyo wazi! Kabla hujaendelea kunisikiliza, toka hapo ulipo, chukua spana, nenda nyuma ya mapipa. Wamekufanya msimamizi, basi simamia. Mzee Noh akiuliza kwa nini kazi inachelewa, mwambie ni mimi nimesema.

Umefunga? Haya, rudi tukae.

Kwanza pole. Nasema kwa moyo wote, kwa sababu kimbunga ni kimbunga na mgongo wa mkeo ni mgongo wa mkeo, hayo hukujitakia. Hapo ulikuwa kwenye majaribu ya kweli na ulisimama, uliamka kila siku ukaenda kazini kwa mwingine baada ya kuwa na kamba zako mwenyewe. Usiruhusu aibu ya sasa ikufutie hilo. Mungu alikuwa na wewe kwenye miaka ile na hakukuhitaji uwe mkubwa wa mtu.

Lakini vidole si majaribu yako, ni mateso ya Agapito, na wewe umeyavaa kama koti lako ukasimama nayo madhabahuni. Unaniuliza utajuaje hili ni funzo au ni adhabu. Mimi sijui, na kwa sasa si kazi yako kujua. Mwenzako mwenye haki ya kuuliza kwa nini, anauliza huku anafunga vifungo. Wewe unauliza huku umekaa juu ya jibu la mtu mwingine. Amedhani akili yake imemsaliti, anawaomba radhi watu waliomkata! Huo ndio uovu unaotakiwa kuupinga, shemasi. Hauna pembe. Umekupa kahawa kwa mikono miwili.

Na moyo kuwaka ushukuru. Siku utakapoacha kuwaka ndipo uniandikie kwa hofu.

Sasa sikiliza. Kesho nenda hospitali, mchukue mkeo, na mwombe mtu wa kanisa la kina Agapito anayejua lugha yake akae nanyi, ili asije akakuitikia kwa adabu bila kuelewa. Usianze na maisha yako wala na kimbunga. Mwambie: mfuniko niliutoa mimi, wewe hukuutoa, nilitia muhuri uongo, Jumatatu nakwenda kuufuta. Kisha unyamaze. Akikasirika ni haki yake. Akikusamehe, usitumie msamaha wake kuahirisha Jumatatu.

Jumamosi andika ulichofanya kwa mkono wako, pamoja na maneno ya Mzee Noh kama alivyoyasema, usimwongezee na usimpunguzie. Mwambie mwenyewe kabla hujaenda, mchana, mkeo akiwepo, maana ni ndugu yako katika Kristo na huenda naye hapati usingizi. Ila karatasi usimpe aishike. Na ule ushuhuda ulioutoa mbele ya kanisa, mwambie Mchungaji unataka kuusahihisha, wakiwa wamenyamaza wote.

Kazi unaweza kuikosa, sitakudanganya. Lakini katika hizo familia kumi na sita, bila shaka nne au tano zina mtu anayeingiza mkono kwenye ile mashine. Waulize kina mama wa nyumba hizo kama wanataka kulindwa kwa uongo wako au kwa bati.

Jumatatu kuna basi la kutoka huku kwangu Gwangju, linavuka daraja na kufika kwenu kisiwani kabla ya saa nne. Nimeshakata tiketi. Utanikuta mlangoni kwa wakaguzi, mwanamke mfupi, koti la kijani, sauti unaijua. Nitakaa na mkeo kwenye benchi mpaka utoke, halafu mtanionyesha wodi ya Agapito. Barabara zikiwa na theluji nikachelewa, usinisubiri. Ingia.