Baba, Mama Ameweka Beseni Chini

Mwaka umetimia, Baba, tangu asubuhi ile ulipotutoka, katika wodi ileile uliyokuwa ukiitembelea kwa miguu yako mwenyewe. Muuguzi alitukuta kwenye benchi la nje, akavua glavu, akasema, "Mchungaji wetu ameondoka." Alisema wetu. Hata siku hiyo ilibidi tukugawane na watu.

Tumechoka, Baba. Tunaanza na hilo kwa sababu hukupenda mtu akufiche kitu. Lakini hatukuchoka kukukumbuka.

Kwa wanaosoma kumbukumbu hii bila kukufahamu: Baba yetu alikuwa mchungaji wa kanisa la Kibatisti, na alikuwa fundi bomba. Siku za kazi alikuwa chini ya masinki ya watu, Jumapili alikuwa mimbarini, na koti lilikuwa moja. Ukilitikisa lilikuwa linalia, maana spana haikutoka mfukoni hata siku ya ndoa za watu. Ulikuwa unakwenda kuwafariji wafiwa, Baba, katikati ya wimbo unasikia bomba linadondosha maji jikoni, unanyanyuka polepole. "Endeleeni kuimba, nawasikia." Wimbo ukiisha unarudi mikono imelowa, bomba limenyamaza, na mwenye msiba anacheka kwa mara ya kwanza tangu juzi.

Mtaa ukakubatiza jina la Mchungaji Spana. Mama alinuna. "Mtu amesomea Neno la Mungu, nyinyi mnamwita kwa jina la chuma!" Wewe ukacheka mpaka ukakaa. Baada ya muda naye akaanza kukuita hivyo hivyo, siku alizokuwa na furaha.

Birika la ubatizo ulilijenga kwa mikono yako nyuma ya mimbari, na lilivuja tangu siku ya kwanza. Ulirekebisha mabomba ya kila nyumba, la kwako ukalisogeza mbele mwaka hadi mwaka. Waliobatizwa nawe bado wanakumbuka ulivyowaambia kila mmoja kabla ya kumzamisha: "Funga mdomo, fungua moyo, na usinivute koti." Yule mwenye duka la dawa hakusikia la mwisho. Mliingia majini wote wawili, kanisa zima likasimama likidhani ndivyo ilivyopangwa.

Lakini kazi uliyoipenda kuliko zote haikuwa ya mimbarini. Kila Alhamisi alasiri ulibeba beseni la bluu, sabuni, brashi, taulo na nyembe mpya, ukaenda wodi ya wanaume. Uliwauliza wauguzi swali moja tu: "Nani hajatembelewa?" Hao ndio uliowanyoa. Hukuanza na sala. Ulituambia mtu aliyelala na ndevu za mwezi mzima hataki mahubiri, anataka kioo. Ukishamnyoa unampa kioo, unakaa kimya ajitazame. Wengine walilia. Mmoja alikuambia, "Kumbe bado nipo." Ulirudi nalo hilo nyumbani, ukashindwa kula.

Ulipoondoka, hatukugawana kazi zako. Tuliona aibu kuzigusa, kama mtu anavyoona aibu kuvaa viatu vya marehemu. Mama hakungoja. Alhamisi ya kwanza baada ya mazishi tulimkuta anasuuza beseni.

"Unakwenda wapi?" Dada alimuuliza.

"Wanapokwenda watu wenye beseni."

Akaenda. Alhamisi iliyofuata akaenda. Wewe ulikuwa na mgongo wa kubeba mabomba, Baba. Yeye ana miguu inayovimba akisimama muda mrefu, na vitanda vya wodi havina viti. Alirudi akishika ukuta wa jirani, kisha ukuta wetu, kisha fremu ya mlango.

Na mlangoni alikuwa anangojwa. Mchungaji mpya ni mtu mwema, wala hatuna neno naye. Lakini watu wamezoea mlango wetu, na mazoea hayahami kwa siku moja. "Mama Mchungaji, mwanangu hanisikii, njoo uongee naye." "Mama Mchungaji, tuna kikao cha harusi, tukifanyie uwani kwenu?" Siku moja akaja mzee wa nyumba ya pili, uso umekunjamana: "Mama Mchungaji, choo kimeziba."

"Baba yangu, mimi ni fundi?"

"Si ulikuwa mke wa fundi? Angalau njoo uangalie."

Na akaenda kuangalia! Tulicheka siku ile, lakini hatukucheka sana, maana aliporudi alilala na viatu.

Dada alimsihi aache. Kaka alimtumia nauli akapumzike kwake, akaitumia kununulia taulo za wodi. Tulipombana, jibu lake lilikuwa lilelile: "Nikiacha, nani atawanyoa?"

"Si wana ndugu zao?"

"Wangekuwa na ndugu, ningekuwa nakwenda kufanya nini?"

Mimi, kitindamimba wako, nilikuandikia ubeti huu mezani pako, mlango ukigongwa:

Baba, mwaka umepita, twasikia nyayo zako,
Wapo bado wanaita, mlangoni jina lako,
Mama jasho ajifuta, kabeba mzigo wako,
Nani mkono aleta, aibebe kazi yako?

Mwezi uliopita, baada ya ibada, shemasi mkuu aliitisha mkutano wa washirika. Wewe ulitulea tukijua kwamba kanisani kwetu halipiti jambo kubwa bila mikono kunyanyuliwa, na kwamba mkono wa mfagiaji ni sawa na mkono wa mchungaji. Ulipenda sana hilo. Hata nyumbani tulinyanyua mikono kuamua rangi ya ukuta, ukashindwa, ukapaka rangi uliyoichukia ukipiga mluzi.

Shemasi akasimama, amevaa tai yake ya sherehe. Akasema kumbukumbu yako imekaribia, na kanisa limeona lisikuenzi kwa maneno matupu. Akamsifu Mama. Akamwita nguzo. Kisha akasema: "Ndugu washirika, inapendekezwa Mama Mchungaji aendelee na huduma ya wodi, na kanisa limtambue rasmi. Wanaokubali?"

Mikono ikapanda, Baba. Yote. Kwaya, akina mama, vijana wa nyuma. Watu walitabasamu, na wengine machozi yaliwalengalenga. Walikuwa wanampenda, hilo hatulikatai. Mama alikuwa benchi la pili, anatazama miguu yake ndani ya viatu alivyovilegeza kamba.

Nikasimama.

"Naona mikono mingi," nikasema. "Wodi inahitaji miwili tu. Ya nani?"

"Kijana, kaa chini. Tunapiga kura."

"Mzee wangu, mnampigia kura mtu abebe, na nyinyi mnabaki na mikono juu. Nguzo mnaiegemea wote, hakuna hata mmoja anayeuliza kama imechoka!"

"Unamvunjia baba yako heshima ndani ya kanisa lake!"

"Baba yangu alibeba beseni mwenyewe. Hakulipigia kura."

Minong'ono ikaanza. Mama akanivuta shati, nikadhani ananikalisha. Kumbe alikuwa anatafuta pa kushika ili anyanyuke. Akasimama akiwa ameniegemea, na tukasikia neno ambalo sisi watoto wake tulikuwa hatujawahi kulisikia kinywani mwake, si wakati wa njaa, si wakati wa maziko yako.

"Nimechoka, ndugu zangu."

Basi. Mikono ikashuka mmoja mmoja, tukalisikia birika lako linavuja nyuma ya mimbari.

Aliyesema wa kwanza alikuwa fundi cherehani, yule wa sauti ya chini kwenye kwaya, ambaye mikutano mingi huisha bila kumsikia. Hakuomba ruhusa. Aliuliza tu, "Mama, sabuni huwa inachanganywa na maji ya moto au ya baridi?"

"Ya vuguvugu," Mama akasema. "Mgonjwa ana ngozi nyepesi."

"Na ndevu za shingoni, unaanzia juu au chini?"

Mama akakaa, akamwonyesha kwenye shingo ya shemasi mkuu, kwa kidole, pale pale benchini. Mzee wa watu aliinua kidevu akatulia, tai na yote. Alipoteremsha kidevu alisema Alhamisi atakwenda na fundi cherehani, yeye atashika taulo. Hapakuwa na kura.

Hatutaki kukudanganya, Baba, kwamba sasa mambo yanakwenda kama ulivyoyaacha. Fundi cherehani ana mkono mzuri, lakini shemasi anawahubiria watu wakiwa na povu mdomoni, na mgonjwa mmoja amemwambia akae nje. Alhamisi moja hawakwenda kwa sababu ya mvua. Wewe ungekwenda. Mama alisikia, akafumbata mikono yake magotini akiizuia.

Na mlango tumeufunga, Baba. Tunajua hukuwahi kuufunga mchana. Mwenye shida na aende ofisi ya kanisa. Mchungaji yupo, na ana masikio. Mwenye choo kilichoziba atafute fundi. Anayetaka kutusalimu tu, karibu jioni, chai ipo, na hatutamuuliza amekuja na shida gani. Mlango huo tumeufunga sisi watoto. Mwenye lawama na alete kwetu, asimpelekee Mama.

Alhamisi hii beseni limetoka kanisani, halikutoka kwetu. Mama aliangalia saa, akasimama, akakaa tena. Akavua viatu. Akalala kitandani kwenu, upande wako, mchana kweupe, na Dada akamfunika shuka. Mtu alibisha hodi. Tulitoka nje tukamwambia kwa sauti ya chini, "Amelala." Akavua kofia, akaondoka akinyata.

Wanaokukumbuka ni mkeo, ambaye kwa sasa anapumzika. Binti yako mkubwa na mumewe. Mwanao wa kati aliye mbali kikazi. Mimi kitindamimba wako. Wajukuu zako, wanaodhani spana ni sehemu ya koti. Dada yako, shangazi yetu. Na washirika wa kanisa uliowabatiza, waliofunga mdomo na wasiofunga.

Tutakukumbuka siku zote, Baba, hata siku tulizochoka.